Ruff kwa msimbo uliojaa masharti: iwashe, ila kanuni zake uzichague mwenyewe

Kama unaandika Python na ofisini kwenu kuna faili moja ambalo kila mtu analikwepa, lile ambalo `if` imeingia ndani ya `if` mpaka mistari inaanzia katikati ya skrini, Ruff itakufaa. Nimeitumia kwenye kazi inayoingiza hela, na nimeridhika nayo. Lakini ukiipakua ukaiacha ilivyokuja, tatizo lenyewe haitalitaja kabisa. Na ukiiwashia kila kanuni iliyonayo, itakusukuma kwenye msimbo mgumu kuliko uliokuwa nao. Nataka nieleze hapo katikati pako wapi, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi.

Kwa asiyeijua: Ruff ni kikaguzi cha msimbo wa Python. Inasoma mafaili yako bila kuyaendesha, kisha inakuorodheshea mahali penye kasoro, namba ya mstari na jina la kanuni iliyovunjwa. Ilianzishwa na Charlie Marsh mwaka 2022, na kampuni yake, Astral, ndiyo ikawa inaiendeleza. Yenyewe imeandikwa kwa Rust, lugha ya programu yenye kasi, ndiyo maana inakwenda kasi sana: mradi wetu mzima inaumaliza kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Ni ya bure. Unaandika `pip install ruff`, zinashuka megabaiti 10 hivi, hata bando la siku linatosha na linabaki. Haikudai akaunti, na intaneti isipokuwepo inafanya kazi kama kawaida. Kila kanuni ina jina lake la herufi na namba, kama C901; ukiandika `ruff rule C901` inakuchapishia maelezo ya kanuni hiyo hapohapo kwenye terminali, bila kufungua kivinjari. Maelezo ni ya Kiingereza tu, lakini ni mafupi na yana mfano wa kabla na baada, na kijana anayejifunza anaweza kuyafuata.

Sasa kazi yenyewe. Ofisi yetu iko Gerezani, Dar es Salaam, juu ya ghala la vifaa vya ujenzi: nondo, mabati, mabomba, rangi, saruji. Mfumo wa mauzo ni wa Python na umepita mikono mingi kabla haujafika kwangu. Ndani yake kuna fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, inaitwa `gharama_usafiri`. Inapewa oda, inarudisha shilingi. Ukiisikia hivyo unaona ni kitu kidogo, mpaka ukae na watu wa mauzo wakueleze mzigo unavyotoka. Mzigo mwepesi wa Kariakoo au Ilala unakwenda kwa guta. Wa Sinza, Tabata au Mbagala unakwenda kwa kirikuu. Ukizidi tani moja ni Canter, popote unapokwenda ndani ya jiji. Wa mkoani tunaufikisha kwa wakala wa malori, huko mbele mteja atajuana naye. Wa Zanzibar tunaushusha bandarini. Mteja wa mkopo ana utaratibu wake, na fundi aliyesajiliwa akifikisha kiasi fulani anapelekewa bure.

Hakuna sharti la kijinga hapo. Kila moja liliingia kwa sababu ya kweli, mara nyingi mteja akiwa amesimama kaunta na muuzaji anapiga simu juu kuuliza kwa nini kompyuta inaleta bei ya ajabu. Katika hali hiyo mtu anafanya linalowezekana haraka: anatafuta mahali, anachomeka `if` nyingine, mteja anaondoka na mabati yake. Baada ya miaka ya hivyo, sehemu ya juu ya fanksheni ilikuwa hivi, nikiwa nimeipunguza ili isomeke:

    def gharama_usafiri(oda):
        if oda.bidhaa:
            if oda.imelipwa or oda.mteja.ana_mkopo:
                if not oda.eneo.mkoani:
                    if oda.kilo <= 1000:
                        if oda.eneo.jina == "Kigamboni":
                            if oda.kilo <= 200:
                                return bei_guta(oda) + NAULI_PANTONI
                            else:
                                return bei_kirikuu(oda) + NAULI_PANTONI
                        else:
                            return bei_ya_mjini(oda)
                    else:
                        return bei_canter(oda)
                else:
                    return GHARAMA_KWA_WAKALA
            else:
                raise OdaImezuiwa(oda.namba)
        else:
            return 0

Tazama `return 0` ya mwisho. Inajibu swali lililoulizwa kwenye mstari wa kwanza kabisa wa masharti. Ili ujue ni ya nani, unapandisha macho juu ukifuata nafasi tupu za pembeni, na kwenye faili halisi swali na jibu lake havikai skrini moja. Ukifika kwenye bei ya guta, unatakiwa uwe umeshika kichwani mambo sita kwa pamoja: kuna bidhaa, imelipwa au ana mkopo, si ya mkoani, haizidi tani, ni Kigamboni, haizidi kilo 200. Mtu akikuita jina tu, umepoteza hesabu.

Ruff ilivyokuja na mipangilio yake ya mwanzo ilipita hapo bila neno. Yenyewe, usipoigusa, inatazama makosa ya msingi: jina ambalo halijatangazwa, kitu kilichoingizwa kisitumike, sintaksia iliyovunjika. Wengi wanaishia hapo, wanaona alama ya kijani, wanadhani msimbo wao uko salama. Kanuni za masharti zipo, ila lazima uziite kwa majina.

Ya kwanza inayotajwa kila mahali ni C901. Inatumia kipimo cha Thomas McCabe, alichokitoa mwaka 1976: unahesabu njia zinazojitegemea ndani ya fanksheni. Fanksheni isiyo na sharti lolote ina 1, na kila `if`, kila `elif`, kila kitanzi kinaongeza moja. McCabe alipendekeza 10 kama kikomo cha kuridhisha, na mwenyewe akasema si namba ya muujiza. Ruff nayo imeweka 10. Niliposhusha kanuni hiyo juu ya mradi wetu, `gharama_usafiri` ikatokea mwanzo wa orodha, kama nilivyotarajia, pamoja na nyingine mbili ambazo sikuzifikiria kabisa. Kwa kutafuta pa kuanzia, C901 ni nzuri, na ningekuwa naingia kwenye mradi wa watu leo ningeiendesha kabla sijafungua faili hata moja.

Kwa kupima kama umefanikiwa, haifai. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona timu zinawekeana malengo kwa namba hiyo. Nilipoifungua fanksheni yote nikailaza, kila sharti likasimama peke yake pembeni, nikaendesha C901 tena: namba ileile. Na ni sawa kimahesabu, matawi hayajapungua hata moja. Kipimo kinahesabu matawi, hakitazami yamepachikwa kina gani. Msimbo wa ngazi sita na msimbo uliolala wenye masharti yaleyale vinapata alama ileile, ingawa mmoja unasomeka kwa pumzi moja na mwingine unakuumiza kichwa.

Kuna baya zaidi. C901 ya Ruff haihesabu `and` wala `or`. Kwa hiyo ukichukua `if` tatu zilizopachikana na kuziunganisha kwenye mstari mmoja mrefu, alama inashuka kutoka 4 hadi 2 na msomaji hajapunguziwa kitu chochote. Na Ruff hiyohiyo ina kanuni ya SIM102 inayokushauri ufanye hivyo, pale ambapo `if` hizo hazina `else`. Kwenye faili letu la mikopo ilitaka kunipa kitu cha namna hii:

    if oda.bidhaa and (oda.imelipwa or oda.mteja.ana_mkopo) and not oda.eneo.mkoani and oda.kilo <= 1000:

Masharti mawili mafupi kuyaunganisha ni sawa, na hapo SIM102 inasaidia. Yakizidi hayo, dawa ni kuyapa jina. `inaruhusiwa = oda.imelipwa or oda.mteja.ana_mkopo` ni mstari mmoja tu, lakini anayekuja kesho anasoma neno moja, hasomi hesabu. Kikaguzi hakiwezi kukupa jina hilo. Linatoka kwa watu wa ghalani, wao wanaita "ruhusa ya kupakia", na mimi nikaliandika hivyohivyo: `ana_ruhusa_ya_kupakia`.

Kanuni niliyoipenda kuliko zote ni ile isiyotangazwa sana, PLR1702. Hii ndiyo inayohesabu kina: vitalu vingapi viko ndani ya vingine. Kikomo chake cha kuanzia ni 5, mimi nimekishusha hadi 3. Namba hiyo sikuiokota hewani. Mwongozo wa uandishi wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, umesema siku nyingi kwamba ukihitaji zaidi ya ngazi 3 za kujongeza mistari, programu yako ndiyo yenye kasoro, irekebishe. Na kwa uzoefu wangu ngazi 3 zinatosha kwa karibu kila kitu cha biashara: kitanzi cha kupita kwenye oda, sharti ndani yake, na pengine jambo moja la ziada. Kwa toleo ninalotumia, PLR1702 bado iko kwenye kundi la majaribio, kwa hiyo bila kuruhusu majaribio haiwaki, hata ukiitaja. Nilipoiwasha, `gharama_usafiri` ililalamikiwa mara moja, na safari hii lalamiko liliendana na maumivu niliyokuwa nayo. Nilipoifungua, likaondoka. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye kikaguzi: kinyamaze nikifanya vizuri.

Kuifungua kulikuwaje? Chukulia mlinzi wa getini kwetu Gerezani. Gari lisilo na karatasi analirudisha palepale barabarani, haliingii mpaka kwenye nondo ndipo liulizwe. Masharti ya kukataa yanatakiwa yakae getini vilevile, juu kabisa, kila moja na jibu lake:

    def gharama_usafiri(oda):
        if not oda.bidhaa:
            return 0
        if not ana_ruhusa_ya_kupakia(oda):
            raise OdaImezuiwa(oda.namba)
        if oda.eneo.mkoani:
            return GHARAMA_KWA_WAKALA
        if oda.kilo > 1000:
            return bei_canter(oda)
        if oda.eneo.jina == "Kigamboni":
            return bei_kigamboni(oda)
        return bei_ya_mjini(oda)

Sehemu ya hatari ni kupindua. Kila sharti lililokuwa linasema "ndiyo, endelea" sasa linasema "hapana, toka". `imelipwa or ana_mkopo` ikipinduliwa ni `not imelipwa and not ana_mkopo`. `Or` imegeuka `and`. Hiyo ni kanuni ya De Morgan, ya karne ya 19, na ndipo watu wengi wanapojikwaa, wanaweka `not` mbele na kuiacha `or` ilivyo. Ruff haikukamati hapo kwa sababu msimbo ni halali kabisa, umebadilika maana tu. Mpangilio nao una uzito. Oda tupu ambayo haijalipwa zamani ilirudisha 0; ukitanguliza swali la ruhusa, oda hiyohiyo italeta kosa na kuzuia skrini ya kaunta. Kwa hiyo fanksheni ya zamani sikuifuta. Niliiacha pembeni kwa jina jingine, nikapitisha oda zote zilizomo kwenye hifadhidata kwenye zote mbili, na kila jibu lililotofautiana likachapishwa. Masharti manne ya ndiyo au hapana peke yake yana michanganyiko 16. Hakuna anayeiwaza yote kwa kichwa, lakini oda za wateja wa kweli zimeshaipitia mingi. Nakushauri ufanye hivi kabla hujagusa chochote. Ruff haina chombo cha kazi hiyo, na haijawahi kusema inacho.

Nikirudi kwenye Kigamboni. Kipande hicho kilipotoka shimoni kikakaa peke yake kwenye `bei_kigamboni`, kilibaki mistari minne, na kwenye mistari minne jambo likajitokeza. Nikashuka kwa mama wa hesabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umeshuka mwenyewe, kuna nini?"

"Hii nauli ya pantoni kwenye mzigo wa Kigamboni, bado tunailipa?"

"Magari ya guta ndiyo, yanapanda pantoni pale Kivukoni. Kirikuu hazipandi pantoni, zinapita darajani. Risiti za daraja hizi hapa, kila siku naziingiza."

Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016. Ushuru wake ulikuwa unaongezwa kwenye ankara na fanksheni nyingine kabisa, huku `gharama_usafiri` ikiendelea kumtoza mteja wa kirikuu nauli ya pantoni ambayo hakuna aliyeipanda. Nusu ya sharti ilikuwa kweli, nusu ilikuwa imepitwa na wakati, na ngazi ya sita kwa ndani hakuna aliyekuwa anaitofautisha. Bosi alipoelezwa aliagiza wateja wa Kigamboni wenye ankara za karibuni wapunguziwe kwenye oda inayofuata, na nilifurahi sana siku hiyo. Ruff haikuona kosa hilo wala isingeweza. Ilichofanya ni kunionyesha mahali ambapo kosa la namna hiyo linaweza kujificha, na kwa chombo cha bure hilo ni kubwa.

Kanuni nyingine nitazipitia haraka. RET505 inaondoa `else` inayofuata baada ya `return`. Iwashe leo, mara nyingi inajirekebishia yenyewe ukiweka `--fix`, na peke yake inaweza kukupunguzia ngazi moja nzima. PLR5501 inageuza `else` yenye `if` ndani yake kuwa `elif`. Nzuri, haina madhara. SIM103 inakushika unapoandika `if` ili tu urudishe `True` au `False`. Nzuri pia, vijana wanaoanza wanafanya hivyo sana. SIM108 inataka kila `if` na `else` fupi iwe mstari mmoja. Nimeizima. Mstari mmoja wenye sharti katikati unasomeka ukiwa mfupi sana, na watu hawaishii kwenye mfupi.

SIM114 inahitaji busara. Ikikuta matawi mawili yanayofanya kitu kimoja, inasema yaunganishe kwa `or`. Kwetu Sinza na Tabata zilikuwa na bei moja, ikataka niziunganishe. Lakini bei hizo zimelingana leo tu. Mafuta yakipanda, au barabara moja ikifungwa kwa ujenzi, watu wa mauzo watabadilisha upande mmoja. Nikaacha ziwe mbili, kisha nikaona hata `if` hazihitajiki: eneo na bei yake ni jedwali. Sasa ziko kwenye hifadhidata, msimbo unauliza jina la eneo unapewa bei, na mtu wa mauzo anabadilisha bila kunipigia simu. Hapo ndipo namba ya C901 iliposhuka kweli, kwa sababu matawi yenyewe yameondoka.

Na PLR0911, hii ndiyo iliyoniudhi. Inakataza fanksheni kuwa na `return` zaidi ya 6. Nilipoongeza Zanzibar na fundi aliyesajiliwa, zikafika 7, nikapigwa alama nyekundu. Yaani chombo kimoja, kanuni moja inakuhimiza ufungue masharti, nyingine inakushtaki kwa kuyafungua. Wazo la mlango mmoja wa kutokea lina historia yake. Kwenye lugha kama C, ambako kumbukumbu unaiachilia kwa mkono, ukitoka katikati unaweza kuacha kitu hakijafungwa. Python ina `with` na ina `finally`, hofu hiyo kwa msimbo kama wetu haipo. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, anayesoma DIT, chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam, alipoona alama nyekundu alitaka kuitii kwa kuweka kigezo kimoja `jibu` juu, kukijaza ndani ya `if` na `elif`, na kukirudisha mwisho. Nikamwambia, "Mdogo wangu, soma zote mbili kwa sauti halafu uniambie ipi umeielewa." Alisoma, akairudisha ya kwanza mwenyewe. PLR0911 tumeizima kabisa, na wewe kama kazi yako inafanana na yetu, izime.

Mipangilio yangu yote ndani ya `pyproject.toml`, faili la mipangilio ya mradi wa Python, ni hii, unaweza kuichukua ilivyo:

    [tool.ruff.lint]
    preview = true
    explicit-preview-rules = true
    extend-select = ["C901", "PLR1702", "RET505", "PLR5501", "SIM103"]

    [tool.ruff.lint.mccabe]
    max-complexity = 10

    [tool.ruff.lint.pylint]
    max-nested-blocks = 3

Mstari wa `explicit-preview-rules` usiusahau. Bila huo, kuruhusu majaribio kunaweza kukuletea na kanuni nyingine za majaribio ambazo hukuziita. Na kama mradi wako ni wa zamani sana, alama nyekundu za siku ya kwanza zitakutisha. Amri ya `ruff check --add-noqa` inaweka kibali kwenye kila kasoro iliyopo, ili kuanzia hapo ulalamikiwe mpya tu. Inafanya kazi vizuri, ila weka tarehe ya kurudi kuviondoa vibali hivyo, maana vikikaa vinazoeleka.

Ukiniuliza kuhusu mbadala: Pylint ndiko kanuni za PLR zilikotoka, inachimba zaidi lakini ni nzito, na kwenye laptopu ya kawaida unaisubiri. SonarQube ina kipimo ninachokiheshimu kuliko C901, kwa sababu kinaongeza adhabu kadiri sharti linavyokwenda ndani, kikomo chake cha kuanzia kikiwa 15. Hicho kingeiona `gharama_usafiri` kwa macho yanayofanana na yangu. Ila SonarQube ukiiendesha mwenyewe inataka seva ya kukaa nayo na mtu wa kuitunza, na sisi tuko wachache. Kama kampuni yako ni kubwa na ina watu wa miundombinu, anzia huko.

Ruff naipa nyota 4 kati ya 5. Kasi, bei na kufanya kazi bila intaneti vinastahili zote tano. Moja nimeizuia kwa sababu kanuni inayopima kina, ambayo kwa msimbo wa biashara ndiyo yenye faida kubwa zaidi, imefichwa kwenye kundi la majaribio, wakati ile ya kuhesabu `return` iko wazi kwa yeyote anayewasha kundi zima la PLR bila kusoma. PLR1702 ikitolewa kwenye majaribio, nitarudi hapa niiongeze.